Majengo Ipi?

Mpenzi msomaji, kabla hujaniuliza swali la sarufi, tayari nalijua. Jengo ni la ngeli ya LI-YA, kwa hivyo ilitakikana niandike "Majengo yapi?" Mwalimu mlezi wa chama chetu aliniita ofisini kwa sababu hiyo hiyo, kalamu nyekundu mkononi. Nikamweleza kwamba siulizii nyumba, naulizia mahali, na kwamba hakuna mtu wa Eastlands anayesema "Majengo yamejaa watu leo." Sisi husema "Majengo imejaa watu." Akacheka, akaniachia. Basi kichwa kikabaki kilivyo. Na hilo ndilo swali ambalo kama ningaliulizwa mwezi wa Aprili, au kama ningalijiuliza mwenyewe, nyanya yangu hangalilazwa hospitalini.

Ilikuwa hivi. Nyanya, mama yake mama, anakaa Majengo. Si Majengo hii ya Pumwani unayoiona ukitoka Gikomba, bali Majengo ya Vihiga, kituo kilicho kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, kabla hujafika Mbale. Ana ugonjwa wa presha, na anatakiwa ameze tembe kila siku bila kukosa. Mama humnunulia za miezi mitatu huku Nairobi, mahali anapozipata kwa bei nafuu, halafu humtumia kwa basi. Siku hiyo mama alikuwa amefungua mtumba wa nguo Gikomba na hakuweza kuacha biashara. Akanipa kifurushi, pesa za kutumia, na kikaratasi chenye nambari ya simu. "Andika vizuri," akasema, "si wewe ndiwe mtu wa chama cha Kiswahili?"

Nilifika katika ofisi moja ya mabasi katikati ya jiji. Jina lake nalihifadhi. Nikachukua kalamu ya wino mzito, nikaandika jina la nyanya kwa herufi kubwa, chini yake nikaandika MAJENGO, nikapiga na mstari, kana kwamba kuna Majengo moja tu chini ya jua. Karani akanitazama, akaona kijana mwenye sare ya shule, akapiga muhuri pwaa! Hakuuliza, nami sikusema. Juu ya hayo, nilipokuwa nikinakili ile nambari ya simu niligeuza tarakimu mbili za mwisho. Kifurushi kikapanda basi la usiku, kikaenda Mombasa.

Nyanya alienda steji siku ya kwanza, akaenda ya pili, akaenda ya tatu. Akaambiwa hakuna kitu. Hakutupigia simu, maana wazee hawapendi kuonekana wanasumbua, na alijiambia labda gari limechelewa njiani. Tembe zilikuwa zimekwisha siku ya pili. Siku ya sita alianguka karibu na mfereji wa maji, majirani wakamweka kwenye bodaboda wakamkimbiza hospitali, akalazwa siku nne. Hapo ndipo mama alipoitoa ile risiti katika kibeti na kuisoma kwa mara ya kwanza. Chini ya neno Majengo palikuwa na herufi tatu ndogo: MSA.

Mama hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko kiboko. Aliniuliza tu, "Kwani Majengo ni ngapi?" Sikuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu langu, ingawa limechelewa.

Naam, Majengo ni ngapi? Bila kuvuka mpaka, mimi nimepata sita ambazo mtu hawezi kunipinga: hii yetu ya Pumwani, ile ya Mombasa ambayo ni wadi nzima katika eneobunge la Mvita, ile ya nyanya huko Vihiga, ya Nyeri, ya Nanyuki na ya Meru. Ukivuka Namanga uingie Tanzania utaikuta Majengo ya Moshi, na huko Dodoma kuna Soko la Majengo. Sidhani nimezimaliza. Kila nikimwuliza mtu wa mji mwingine, ananiambia, "Hata kwetu iko."

Nilidhani ni bahati nasibu, jina limependwa tu likaenea. La hasha! Majina haya yana sababu, na sababu yenyewe ni ya kihistoria. Wakati wa ukoloni mji ukianzishwa, Mzungu alikuwa na upande wake, Mhindi akawa na upande wa maduka, na Mwafrika akahesabiwa kama mgeni aliyekuja kufanya kazi kisha arudi kwao. Lakini walikuwapo watu ambao kwao palikuwa hapo hapo mjini. Hawa ni Waswahili wa pwani waliofika na misafara na baadaye reli, wapagazi, askari waliomaliza kazi, na wanawake waliokuja kujitafutia riziki. Watu hao hawakuwa na shamba la kurudia. Basi wakaonyeshwa kiwanja pembeni mwa mji, wakaambiwa wajijengee. Wakajenga nyumba za miti na udongo kwa mtindo wa Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, na paa za mabati ya madebe yaliyopasuliwa. Msikiti ukasimama, mahamri yakakaangwa, na ukimwuliza mtu anaishi wapi alikujibu "kule kwenye majengo." Neno la kawaida likawa jina la mahali. Kwa kuwa jambo lile lile lilitokea Nyeri, likatokea Nanyuki, likatokea na Meru, jina nalo likazaliwa upya kila mahali, bila mji mmoja kuuiga mwingine. Ni kama watoto waliozaliwa usiku katika nyumba mbalimbali, wote wakaitwa Atieno.

Hapa Nairobi hadithi yenyewe ni ndefu kidogo, na ni vyema wanafunzi wa Eastlands tuijue maana tunaikanyaga kila siku tukija shuleni. Reli ilifika hapa mwaka wa 1899. Punde si punde vikaota vijiji vya Waafrika kandokando ya mji: Pangani, Maskini, Kaburini, na kimoja kilichoitwa Mombasa. Ndiyo, Mombasa! Palikuwa na Mombasa ndani ya Nairobi. Fikiria mtu wa siku hizo akisema "naenda Mombasa, nitarudi saa kumi." Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ya mji ikatenga Pumwani ili Waafrika wote wakae mahali pamoja panapoweza kuangaliwa, na vijiji vile vikaanza kuvunjwa kimoja baada ya kingine. Jina la serikali lilikuwa Pumwani. Watu wakaita Majengo. Mpaka leo majina yote mawili yapo, moja kwenye bango la hospitali ya kina mama iliyofunguliwa mwaka wa 1926, jingine mdomoni mwa makanga.

Pangani ilishikilia kuliko nyingine. Jina hilo lenyewe ni la mji wa kale wa pwani ya Tanzania, penye mlango wa mto Pangani, ambako misafara ya karne ya kumi na tisa ilikuwa ikianzia kwenda bara. Pangani yetu ilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Wenyeji wake wakapelekwa katika nyumba mpya za baraza la mji, na nyumba hizo ndizo Shauri Moyo. Wazee wa mtaani wanasema jina lilitokana na maneno yenyewe ya wakati ule: ukitaka hamia, hutaki usihamie, ni shauri ya moyo wako. Lakini ukitazama vizuri, moyo haukupewa nafasi kubwa ya kushauriana, kwa sababu kule Pangani nyumba zilikuwa zinabomolewa. Wengi waliokuwa wenye nyumba wakaamka asubuhi wakiwa wapangaji. Mimi nimepita Shauri Moyo mara elfu nikienda Soko la Burma kununua nyama, na sikuwahi kufikiri kwamba jina lile lilikuwa manung'uniko ya watu waliohamishwa. (Burma nayo ni jina la nchi ya mbali, ambako askari wa Kiafrika wa KAR walipigana katika Vita vya Pili vya Dunia. Lakini nikianza hilo sitamaliza.)

Sasa, Shauri Moyo si ya Nairobi peke yake. Kisumu iko, Unguja iko, na Dar es Salaam upande wa Ilala kuna barabara yenye jina hilo. Huko Kisumu kuna wadi inayoitwa Shaurimoyo Kaloleni. Mtu wa Eastlands akiona maneno hayo mawili yamebandikwa pamoja atafikiri ni makosa ya mpiga chapa, maana Shauri Moyo na Kaloleni ni mitaa yetu miwili inayotazamana, Barabara ya Jogoo ikiwa katikati. Kumbe Kisumu nako wana vyao.

Hebu tusimame hapa kwa Kaloleni, kwa sababu hapa ndipo chama cha Kiswahili kinapata kazi. Majina mengi ya mitaa yetu yanaishia na -ni: Makongeni, Ziwani, Viwandani, Kaloleni. Nilipokuwa kidato cha kwanza nilifundishwa kwamba -ni hiyo inaonyesha mahali. Makongeni ni penye makonge, Ziwani ni penye ziwa, Viwandani ni penye viwanda. Vizuri sana. Basi Kaloleni ni penye nini? Penye "kalole"? Kalole ni kitu gani? Nilipekua kamusi, sikuona. Mwenzangu mmoja darasani ambaye nyumbani kwao ni Kilifi akanicheka mpaka akashika mbavu. Katika lugha za Wamijikenda, kulola ni kutazama. Kaloleni ni kusema "nendeni mkatazame." Kumbe -ni ile si ya mahali hata kidogo, ni -ni ya kuwaamuru watu wengi, kama vile "njooni" au "nyamazeni," na ka- ya mwanzoni ni ile ya "kalete maji." Kwa hivyo Kaloleni si nomino ya mahali kama jirani zake. Ni sentensi nzima iliyovaa nguo za jina. Mimi nililipenda hilo kuliko yote niliyoyapata katika utafiti huu, na wale wanaosema sarufi haina faida nje ya mtihani nawaomba walitafakari.

Kaloleni ya Kilifi ndiyo mji, una eneobunge lake na hospitali ya misheni inayojulikana. Kaloleni yetu ni mtaa uliojengwa na baraza la mji katika miaka ya 1940, nyumba za mawe zenye nafasi katikati na ukumbi wa jamii ambao wazee huutaja kwa heshima kwa ajili ya mikutano ya siasa iliyofanyika humo kabla ya uhuru. Kaloleni ya Voi ni wadi. Kaloleni ya Kisumu nimekwisha kuitaja. Arusha iko Kaloleni, na Moshi vile vile. Angalia basi: neno la Kimijikenda limevuka mpaka, likafika hadi chini ya Mlima Kilimanjaro, na wengi wanaoishi humo hawajui kwamba kila wakitaja kwao wanamwambia mtu aende akaangalie.

Yako majina mengine ambayo watu waliyabeba kama mtu anavyobeba sanduku. Kisumu Ndogo ni mfano mzuri. Iko Kibera, iko Korogocho, na iko Malindi. Hizo mbili za kwanza ziko katika jiji moja la Nairobi, kwa hivyo ukimwambia mtu wa bodaboda "nipeleke Kisumu Ndogo" na ukiwa na haraka, hiyo haraka umeiua wewe mwenyewe. Sababu ya jina haihitaji darubini. Watu wa upande wa ziwa walikaa pamoja, samaki wakakaangwa, mtaa ukanukia nyumbani. Soweto ni vivyo hivyo, ila iliyobebwa hapo si nyumbani kwa mtu, ni habari za redioni. Soweto ya asili iko Afrika Kusini, na jina lenyewe ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya vitongoji vya kusini magharibi. Baada ya wanafunzi wenzetu wa huko kuandamana tarehe 16 Juni 1976 na kupigwa risasi, jina hilo likajulikana kila pembe ya Afrika. Leo Kayole iko Soweto, Kibera iko Soweto, Kahawa iko Soweto.

Na Kariokor? Hili si la kupita mbio. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kuanzia 1914 hadi 1918, Waingereza waliwakusanya Waafrika kuwa wapagazi wa jeshi, wabebe risasi na unga kichwani wakiwafuata Wajerumani huko Tanganyika. Kikosi hicho kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Mdomo wa Mswahili ukakitafuna ukakitema kikiwa Kariakoo. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mahali walipopiga kambi Nairobi pakaitwa Kariokor, na mahali walipopiga kambi Dar es Salaam pakaitwa Kariakoo. Leo yote mawili ni masoko. Hapa kwetu watu wanaenda kununua viondo na kula nyama choma, kule ni soko kubwa lijulikanalo nchi nzima. Majina haya hayakuigana. Yalizaliwa na msiba mmoja.

Kuna na majina ya matamanio: Bahati, Huruma, Umoja, Starehe. Mji ukipanga nyumba mpya hutaka jina litakalofurahisha. Ubaya wake ni kwamba kila mtu anatamani vitu vile vile. Bahati iko hapa karibu na Jericho, na Bahati nyingine iko Nakuru, ambayo ni eneobunge. Huruma iko hapa, na Huruma iko Eldoret. Utaniambia, hilo lina shida gani? Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la gorofa sita lilianguka Huruma usiku wa mvua kubwa, watu wapatao 50 wakafa. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, lakini jirani yetu ambaye dada yake alikuwa akiishi Huruma ya Eldoret ameniambia kwamba alipoamka na kusikia neno hilo moja redioni, miguu ilimwishia. Alipiga simu mara sita. Dada yake alikuwa mzima, anachemsha chai, hata habari hajazisikia. Halafu akaja kukumbuka kwamba Huruma ya jengo ile ni hii ya hapa, mwendo wa matatu moja, na humo pia alikuwa na watu anaowajua. Hofu ikaanza upya.

Makadara nayo imewatesa watu, ila kwa njia ya kuchekesha. Jina linatokana na kadari, yaani mapenzi na uwezo wa Mungu. Iko Mombasa karibu na Mji wa Kale, na iko hapa kwetu pamoja na mahakama yake. Mjomba wangu alipata kesi ndogo ya kuendesha gari bila mkanda, akaambiwa afike Makadara. Mtu mmoja kutoka pwani aliyekuwa naye kazini akamwonea huruma akidhani anasafirishwa mpaka Mombasa, akamchangia nauli. Mjomba alizirudisha hizo pesa? Hilo mwulizeni yeye.

Ukitaka kuona tatizo hili katika upeo wake, lakini, usitazame Eastlands. Tazama Makutano. Popote barabara mbili zinapokutana Kenya hii, huota kibanda cha chai, kisha duka, kisha kituo cha mafuta, na kabla hujageuka pana mji unaoitwa Makutano. Iko Makutano ya Pokot Magharibi, kaskazini mwa Kitale, mji wenye biashara nyingi unaopakana na Kapenguria, pale pale ambapo Mzee Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa kuanzia mwaka wa 1952. Iko Makutano ya mjini Meru. Iko Makutano pale njia ya Mwea na Embu inapochepuka kutoka barabara kuu ya Nyeri, si mbali na Sagana. Iko nyingine Ukambani upande wa Mwala. Hata kwenye runinga iko, katika mchezo ulioitwa Makutano Junction. Jina hilo hunichekesha, kwa sababu neno la pili la Kiingereza lina maana ile ile ya la kwanza. Ni kama kusema Makutano Makutano.

Sasa watu wa Makutano hizi hawapotei. Kwa nini? Kwa sababu hawalitaji jina likiwa peke yake. Wakamba husema Makutano ma Mwala. Makanga wa njia ya Embu husema Makutano ya Mwea. Yule wa Kitale husema Makutano ya Kapenguria. Jina limepewa mwenzake wa kutembea naye. Na si sisi tu. Ujerumani kuna Frankfurt mbili, na kila moja imefungwa kwenye mto wake, moja ni ya mto Main, nyingine ni ya mto Oder mpakani na Poland. Uingereza kuna Newcastle ya mto Tyne, na kuna Newcastle nyingine iitwayo Newcastle-under-Lyme. Marekani miji inayoitwa Springfield imejaa tele, kwa hivyo Mmarekani hasemi Springfield akanyamaza, husema Springfield ya Illinois au Springfield ya Massachusetts. Nasi tuna kaunti 47 tangu Katiba ya 2010 ianze kufanya kazi, na kwenye sanduku la posta tuna nambari za siri, kama 00100 ya Posta Kuu ya Nairobi. Vifaa tunavyo. Mimi nilikuwa navyo vyote siku ile kwenye kaunta. Nikaandika neno moja nikapiga mstari.

Nilipoyasoma haya mbele ya chama, rafiki yangu mmoja, ambaye hodari wake wa mdahalo mnaujua, alisimama akasema dawa ni kuyabadilisha majina. Majengo moja ibaki Majengo, nyingine zitafutiwe majina mapya, serikali ichapishe orodha, kwisha maneno. Alipigiwa makofi. Mimi nilimpinga na bado nampinga. Ni Majengo gani itakayobaki? Ya Mombasa kwa kuwa ni ya pwani, au ya Pumwani kwa kuwa ni ya jiji? Na ile ya Nyeri, tutamwambia mzee ambaye babu yake alipewa kiwanja hapo ajijengee kwamba jina hilo sasa ni la watu wengine? Pangani ilibomolewa ukuta kwa ukuta na jina likakataa kuondoka. Leo watu wanaposhuka Pangani kwenye Barabara ya Thika hawajui palikuwa na kijiji, lakini jina limebaki likitoa ushahidi. Ukiwanyang'anya watu jina kwa sababu ya kurahisisha kazi ya karani, umebomoa kilichobaki. Afadhali tuandike maneno mawili zaidi. Wino si ghali.

Kura ilipigwa, nikashindwa kwa kura tatu. Katibu ameandika hivyo kwenye kumbukumbu, siwezi kuficha.

Kifurushi kilirudi Nairobi siku ya kumi na tisa. Kilikuwa kimechanika pembeni lakini tembe zote zilikuwamo. Mtu fulani huko Mombasa, ambaye simjui na angalikuwa mbele yangu ningalimpa mkono, alikuwa amejaribu ile nambari yangu mbovu na kuandika kwa penseli juu ya karatasi ya kaki: "Simu si yake. Majengo ipi?" Mwandiko mzuri, wa kulalia upande. Nimekikata kipande hicho, nimekibandika ndani ya jalada la daftari langu la Insha.

Nyanya anaendelea vizuri, isipokuwa mkono wa kushoto bado hauna nguvu kama zamani na kukamua ng'ombe amemwachia mtoto wa jirani. Mwezi wa Julai mama alinituma tena ofisini na kifurushi kingine. Niliandika: jina lake kamili, Majengo ya Vihiga, barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, kabla ya Mbale, SI Mombasa, SI Pumwani, na nambari mbili za simu nilizozisoma kwa sauti mara tatu huku karani akinisubiri. Kesho yake saa nne asubuhi nyanya akapiga simu. Alisema amezipata, na kwamba kijana wa steji aliyasoma maandishi yangu yote kwa sauti mbele ya abiria, kisha akamwuliza kama mjukuu wake ameandika anwani au ameandika barua.